Una Shilingi Ngapi? Tulivyotengeneza Tovuti ya Kutafuta Chakula cha Bei Nafuu Mjini Moshi

Katika muhula wetu wa mwisho chuoni, sisi wanafunzi wanne wa kozi ya mifumo ya habari tulitakiwa kuandaa mradi wa kuhitimu, na tukachagua jambo lililokuwa likitusumbua kila siku ifikapo saa saba mchana, yaani mahali pa kula. Tulikuwa tumepanga vyumba Majengo na Pasua, na fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/2023 huhesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa siku badala ya 8,500 za awali, ilikuwa ikija kwa mkupuo na kuondoka kwa mkupuo. Mwanafunzi aliyepata bumu, kama tunavyoiita fedha hiyo, wiki iliyopita hahitaji tovuti ya kumwonyesha chipsi kuku. Anayeihitaji ni yule aliyebakiwa na noti moja yenye picha ya simba na siku mbili za kusubiri.

Tulipompelekea mwalimu msimamizi pendekezo letu, alilisoma mpaka mwisho kisha akauliza swali moja tu: ikiwa Google Maps ipo na kila simu inayo, ninyi mnaleta nini? Swali hilo lilituuma kwa sababu hatukuwa na jibu siku ile. Usiku tulikaa tukatafuta migahawa iliyo karibu nasi kwenye ramani hiyo, na tukaelewa kwa nini hatujawahi kuitumia kutafuta chakula. Moshi ni mlango wa Mlima Kilimanjaro. Wageni wanaokuja kupanda mita 5,895 hulala hapa kabla ya kwenda mlimani na baada ya kushuka, na wengi wa wanaoandika maoni juu ya mahali walipokula ni wao. Kwa hiyo kinachotangulia kuonekana ni migahawa ya piza na kahawa, ambayo sahani yake moja ingetulisha siku tatu. Sina ugomvi na migahawa hiyo, lakini mama anayepika makande nyuma ya Soko la Mbuyuni hayumo, na hata wachache wa aina yake waliomo wamebaki nukta zisizo na bei wala saa za kufungua.

Ramani yenyewe hatukuwa na sababu ya kuianza upya. Mradi wa OpenStreetMap, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, unamruhusu mtu yeyote kutumia ramani yake bila malipo ilimradi awataje waliochangia, na hapa nchini una historia yake, kwa kuwa kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwapeleka wanafunzi wa vyuo katika mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko, wakachora njia na mifereji nyumba kwa nyumba. Tuliposoma walivyofanya kazi hiyo tulijiona wavivu, kwani wao walikuwa wakifuata mitaro na sisi tulikuwa tukifuata harufu ya vitunguu. Ili kuionyesha ramani kwenye kivinjari tulitumia Leaflet, maktaba ya JavaScript iliyotolewa mwaka 2011, ambayo ikishabanwa ina uzito wa kilobaiti 42 hivi. Nautaja uzito huo makusudi, maana mtu anayetafuta sahani ya shilingi 1,500 hatakubali ukurasa unaomla bando la shilingi 500 kabla hajafika mezani. Kwa sababu hiyo hiyo tuliziondoa picha zote za vyakula, na mwenzetu aliyezipiga alinuna karibu wiki nzima.

Kazi ya kwanza ya kweli ilikuwa kuzunguka mjini tukichukua majira ya kila banda, yaani namba zinazoonyesha mahali lilipo. Moshi iko takriban latitudo 3.35 kusini mwa Ikweta na longitudo 37.34 mashariki. Kompyuta haielewi neno kusini. Inataka alama ya kutoa mbele ya namba. Banda letu la kwanza, la mama mmoja anayepika jirani na stendi kuu, tuliliingiza bila alama hiyo, tukafungua ramani ya Moshi na kukuta haina kitu. Tulipozidi kuirudisha ramani nyuma hadi nchi nzima za Afrika Mashariki zikaonekana, tulilikuta banda liko kaskazini kabisa mwa Kenya, upande wa North Horr ambako kuna jangwa la Chalbi, zaidi ya kilomita 700 kutoka kwenye sufuria zake. Tulirekebisha. Wiki iliyofuata tulibadilisha namna ya kuhifadhi taarifa na kutumia GeoJSON, ambayo huanza na longitudo, ilhali Leaflet huanza na latitudo, na safari hii mama yule yule akahamia kwenye milima ya mkoa wa Granada, kusini mwa Hispania. Nilipomsimulia, hakucheka kama nilivyotarajia. Aliuliza huko Hispania sahani ya wali huuzwa shilingi ngapi.

Kosa la tatu lilikuwa dogo lakini lilichelewa kugundulika. Mmoja wetu, kwa kupenda unadhifu, alizipunguza namba zote zibaki na desimali tatu, na desimali ya tatu katika latitudo ni mita kama 111. Mama lishe wa Mbuyuni ambao wamepangana bega kwa bega walirundikana juu ya nukta moja, huku wengine wakirukia katikati ya barabara. Desimali tano, ambazo hufika kwenye mita moja hivi, zilitosha kumrudisha kila mtu mahali pake, ingawa GPS ya simu zetu chini ya mabati haikuwa sahihi kiasi hicho hata siku moja.

Baada ya hapo tulilazimika kuifundisha tovuti neno karibu. Tulianza kwa kujionyesha wasomi: tukachukua kanuni ya umbali juu ya tufe, tukaweka nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371, tukarudia ile mada ya Kidato cha Tatu ya dunia kama tufe ambayo wengi wetu tulidhani tumeachana nayo kwenye chumba cha mtihani. Ilichukua siku mbili. Msimamizi alipoona alituambia kwamba kwa mji mdogo ulio nyuzi tatu tu kutoka Ikweta, ambako nyuzi moja ya latitudo na nyuzi moja ya longitudo zote ni kama kilomita 111, kanuni ya Pythagoras ya Kidato cha Pili ingetupa jibu lile lile kwa umbali wa kwenda kula. Alikuwa sahihi. Lakini tulibaki na ile ndefu kwa sababu tulishaitolea jasho.

Hata hivyo hakuna kanuni kati ya hizo mbili iliyojua kwamba Moshi imelala kwenye mteremko. Mtu wa mji huu hasemi anakwenda mjini, husema anashuka mjini, na akirudi upande wa Shanty Town au hospitali ya KCMC husema anapanda, na huo si usemi wa mapambo. Mita 900 za kushuka saa saba mchana ukiwa na njaa na mita 900 za kupanda saa nane ukiwa umeshiba makande ni safari mbili tofauti. Mstari ulionyooka pia haujui kwamba mbele kuna ukuta wa shule au mto usio na kivuko. Tuliacha kuonyesha mita, tukaweka dakika za kwenda na dakika za kurudi, na dakika hizo tulizipata kwa njia moja tu, nayo ni kutembea.

Saa nazo zilitutesa kuliko tulivyofikiri. Mama wa chai na chapati alituambia anauza kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 4 asubuhi, na mwenzetu akaandika 1:00 hadi 4:00, kwa hiyo tovuti ikawa inatangaza kwamba banda liko wazi usiku wa manane na limefungwa wakati wa kifungua kinywa. Kosa hilo la saa sita kila Mswahili anayetumia kompyuta analijua, na tulilirekebisha tukijicheka. Lakini banda halikufunguka saa 1. Lilifunguka saa 4, dakika ile ile ambayo mama anaosha vikombe, kwa sababu seva tuliyopewa bure ilikuwa ikifuata saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Tulipoteza Jumamosi nzima tukitafuta kosa kwenye msimbo wetu, na halikuwamo.

Sasa niseme juu ya wenye mabanda wenyewe, maana hapo ndipo mradi ulipokaribia kufa. Siku ya kwanza tulikwenda wanne kwa pamoja, tumevaa mashati ya kuchomekea kwa heshima, tumeshika simu na daftari. Tukamsalimu mama mmoja, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba wanangu. Mmetoka manispaa?" Mwenzetu, aliyetaka kumtoa wasiwasi upesi, akamjibu, "Hapana mama, sisi ni wanafunzi tu, tunaandika kodi." Katika lugha ya wanafunzi wa kompyuta kodi ni msimbo wa programu. Katika lugha ya mama mwenye sufuria tatu kando ya barabara, kodi ni kodi. Alifunika wali, akamwita jirani yake kwa Kichaga, na kwa siku kadhaa hakuna mtu katika safu ile aliyetutajia hata bei ya chapati.

Sikuwalaumu. Watu hawa wameshaandikwa majina mara nyingi: kulikuwa na vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na kukawa na zoezi la kuwapanga Wamachinga la mwaka 2021, ambapo wafanyabiashara wengi nchini waliondolewa kwenye hifadhi za barabara. Mtu anayekuja na simu akiuliza jina, mahali na bei huwa hajaleta habari njema. Tulibadilisha utaratibu: tukaenda mmoja mmoja, tukakaa kwenye benchi, tukala, tukalipa, na tukarudi siku ya pili na ya tatu kabla ya kueleza shida yetu. Utaratibu huo ulikuwa wa polepole na ulitugharimu, kwa sababu kila taarifa moja ilikuwa na bei ya sahani moja, na kabla muhula haujafika nusu mimi nilikuwa nakula kwa mkopo.

Ruhusa tuliiomba kwa kila mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na namba ya simu ya mama lishe ni taarifa yake binafsi kama ilivyo ya mkurugenzi, kwa hiyo wasiotaka namba zao zionekane hatukuziweka, na picha za sura hatukupiga kabisa. Anwani tuliziandika kama watu wanavyoelekezana. Najua kwamba mwaka 2022 kulikuwa na operesheni ya anwani za makazi, lakini sijawahi kusikia mtu mwenye njaa akiuliza namba ya nyumba. Anauliza kama ni kabla ya kufika msikitini au baada, mkabala na duka la dawa au nyuma yake.

Nimefika kwenye bei, na hapa naomba msomaji anivumilie.

Jedwali letu la kwanza lilikuwa na safu tatu: mahali, chakula, bei. Tuliandika kwamba mahali fulani Mbuyuni wali maharage ni shilingi 2,000. Kesho yake mwenzetu alikula pale pale kwa 1,500. Keshokutwa mwingine alilipa 2,500 na kuapa kwamba ni wali maharage huo huo. Kwanza tulidhani mmoja wetu ni mzembe, kisha tukadhani mama anatubadilishia bei kwa sababu ametuona wageni, na mwisho niliomba nikae bandani kwake kuanzia saa tano hadi saa tisa, nikimsaidia kuosha sahani huku nikitazama.

Nilichokiona ni kwamba hakuna hata mteja mmoja aliyeuliza bei. Fundi ujenzi alikuja akasema "Mama, wa buku mbili, jaza," yaani wa shilingi 2,000, akapewa wali wenye kilima, maharage, mnafu na kipande cha parachichi. Kijana wa bodaboda alisema "Wa buku jero," yaani 1,500, akapewa kilima kifupi, maharage yale yale, bila parachichi. Msichana wa saluni alikuja na shilingi 1,000, akapewa wali wa kiasi na mchuzi wa maharage uliochotwa kwa juu juu, na mnafu mwingi, kwa sababu mnafu ni wa bei ndogo na mama hakutaka sahani ionekane tupu. Baada ya saa nane na nusu vipimo vilibadilika tena. Kilichobaki kikawa kinagawiwa kwa ukarimu zaidi, na aliyefika saa tisa na shilingi 1,000 alikula kama aliyefika saa sita na 2,000. Mchele ukipanda sokoni, bei bandani haipandi. Kinachoshuka ni kilima cha wali. Sisi tulikuwa tumejenga safu ya kuandika kile kisichobadilika, na kile kinachobadilika hatukukiwekea nafasi.

Nilipomweleza mama kwamba tovuti yetu haijui iandike bei gani, alinijibu akiwa bado anapepeta mchele wa kesho: "Mwanangu, ninyi mnauliza kinyumenyume. Mtu haniulizi wali ni shilingi ngapi. Mtu anakaa, ananiambia ana shilingi ngapi, mimi ndiye ninayejua atakula nini."

Nilirudi chumbani nikawaambia wenzangu kwamba jedwali la bei tunalifuta. Walibisha usiku kucha, na nawaelewa, kwa sababu zilikuwa zimebaki wiki sita na kila ukurasa ulikuwa unategemea jedwali lile. Tulilifuta. Mahali pake tuliweka jedwali jipya tulilolipa jina la shibe, ambalo kila mstari wake unasema: mahali hapa, kwa kiasi hiki, katika kipindi hiki cha siku, mtu hupata hiki. Ukurasa wa kwanza wa tovuti, ambao ulikuwa na ramani, menyu, nyota na kisanduku cha kutafutia, ukabaki na swali moja, "Una shilingi ngapi?", na vitufe vitano: 1,000, 1,500, 2,000, 3,000 na 5,000. Ukibonyeza 1,000 asubuhi unaletewa mabanda ya chai na chapati au makande. Ukibonyeza 3,000 mchana unaletewa ndizi nyama na mtori. Ukibonyeza 5,000 tovuti inakuonyesha mahali pa kukaa wawili, kwa kuwa tuliona kwamba mwanafunzi mwenye 5,000 mkononi mara nyingi hayuko peke yake. Ramani huja baada ya kuchagua, ikiwa na dakika za kwenda na za kurudi.

Kila mstari wa shibe una tarehe ya mtu wa mwisho aliyethibitisha, na kitufe cha "Nimekula hapa leo". Zikipita siku 30 bila uthibitisho, maandishi hufifia. Zikipita 60, mstari hutoweka. Nyota tulizitoa mapema. Tulipojaribu tovuti kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mmoja wao alimpa mama wa chipsi nyota moja kwa sababu ya ugomvi wa chenji ya shilingi 200, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa amempigia kura, mama yule akawa wa mwisho katika mji mzima. Mgahawa wenye wageni mia unaweza kustahimili hasira ya mtu mmoja. Banda haliwezi.

Maneno ya vyakula yalihitaji kamusi ndogo. Mwenye kuandika machalari, ndizi nyama au ndizi za kuchemsha na nyama aletewe mabanda yale yale; mwenye kuandika zege aletewe chipsi mayai; na kiburu tulikiweka pamoja na ndizi na maharage, jambo ambalo mwenzetu mzaliwa wa Marangu hakulipenda na mpaka leo anasema tumekosea. Mwenzetu Mwislamu kutoka Tanga naye alidai jambo moja ambalo sisi watatu hatukuwa tumeliwaza, ingawa mji huu una majiko ya kitimoto kila baada ya hatua chache: tuseme wazi kama nguruwe hupikwa mahali hapo. Tulijifunza kutouliza kama chakula ni halali, kwa sababu kila mwenye banda hujibu ndiyo kwa nia njema; tuliuliza kama nguruwe hupikwa kwenye jiko hili au kwenye kikaango hiki. Taarifa hiyo sasa inatangulia hata dakika za kutembea. Wakati wa Ramadhani saa za baadhi ya mabanda hubadilika kabisa, na Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi na mji ukajaa, vipimo hupungua hata kwa wenyeji, lakini wanafunzi huwa wameshaondoka, kwa hiyo hatukushughulika nayo sana.

Kulikuwa pia na mabishano ya neno moja kwenye kichwa cha ukurasa. Sisi tuliandika "chakula cha bei rahisi". Mama wa Mbuyuni aliposomewa alikunja uso, akasema cha rahisi ni ghali na kwamba tunawaambia watu kuwa yeye anapika ovyo. Tuliandika "bei nafuu", akaridhika. Baadhi ya watu huona maneno hayo mawili ni kitu kimoja, lakini nafuu ni neno tunalolitumia pia kwa mgonjwa anayeanza kupona, na nadhani aliisikia tofauti hiyo vizuri kuliko sisi tuliokuwa na kamusi.

Siku ya kuwasilisha mradi, seva ya bure ilikuwa imelala, kama zinavyofanya seva za bure zisipotembelewa, na tulisimama mbele ya jopo kwa karibu dakika moja tukitazama duara linalozunguka. Ilipoamka, msimamizi aliyetuuliza habari za Google Maps alibonyeza 2,000 bila kusema neno, akasoma, akauliza kama mtori wa mahali pa tatu huwa bado upo saa nane. Tulimwambia upo, lakini awahi.

Wiki ile ile nilishuka Mbuyuni kumwonyesha mama ukurasa wake kwenye simu. Aliusoma taratibu, akanisahihisha kwamba siku hizi kwa 1,500 anatoa na mnafu, nikabadilisha pale pale, tarehe ikawa ya leo. Kisha akaniuliza, "Na anayekuja hana kitu, mmemwandika wapi?" Nilimwambia kitufe cha sifuri hatukuweka, lakini akitaka tunaweza kuandika kwamba yeye hukopesha. Alinirudishia simu haraka. "Usithubutu kuandika hilo huko. Hao nawajua mwenyewe." Akafuta mikono kwenye kanga, akatoa chini ya meza daftari lenye jalada lililolowa mafuta, akalifungua kwenye ukurasa wenye jina langu na kunisomea: shilingi 4,500. Nilikuwa na 3,000. Nilizitoa, akazikata kwenye hesabu, na zile 1,500 zilizobaki akaziandika upya kwenye ukurasa wa mbele.